Abiria na Wapiga Makasia: Historia ya Kutazama Viumbe vya Ziwa Tanganyika katika Mwambao wa Kalemie

1.0 Utangulizi

Kukodi chombo kwa siku moja, kwenda kuwatazama viboko na ndege wa majini, kisha kuvaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia ili kuwaona samaki wanaoishi kati ya mawe, ni jambo linalohesabiwa siku hizi kuwa starehe ya watalii. Hata hivyo, katika Ziwa Tanganyika jambo hilo lina historia ndefu kuliko utalii wenyewe. Tangu mwaka 1858 wageni wamekuwa wakikodi vyombo vya wenyeji au vya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili ili waone yaliyomo ziwani. Baadhi yao walitafuta chanzo cha mto Nili, wengine walitafuta nchi ya kutawala, na wengine walitafuta konokono na samaki wa kupeleka Ulaya. Pamoja na tofauti zao, wote walikuwa na hali moja: walikuwa abiria. Waliojua njia, upepo, miamba na majina ya viumbe walikuwa wale walioshika makasia.

Makala haya yanachunguza historia hiyo kwa kuangalia hasa pwani ya magharibi, kuzunguka mahali ulipo leo mji wa Kalemie katika jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayotetewa ni kwamba thamani ya kile alichokiona abiria ilitegemea sana namna alivyomsikiliza mpiga makasia na mkalimani, na kwamba sehemu kubwa ya usikilizaji huo ilifanyika kwa Kiswahili. Deni hilo halionekani katika majina ya kitaalamu wanayobeba viumbe wa ziwa hadi leo.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, na kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal. Uhai wake mwingi uko katika tabaka la juu tu, kwa kuwa maji ya chini hayana hewa ya oksijeni. Kwa sababu hiyo miamba ya mwambaoni, ambako maji ni maangavu na jua hufika, ndiyo makao ya samaki wa aina nyingi ambao hawapatikani mahali pengine popote. Kalemie iko karibu na mlango wa mto Lukuga, njia pekee ya maji ya ziwa kutokea kwenda Lualaba na hatimaye bahari ya Atlantiki.

2.0 Jahazi lisilopatikana, 1858

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Haja yao ya kwanza ilikuwa chombo. Mitumbwi ya Ujiji ilichongwa katika gogo moja na haikufaa, kwa maoni yao, kwa safari ndefu ya uchunguzi. Walisikia kwamba ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Kasenge karibu na pwani ya magharibi, alikuwako mfanyabiashara aliyeitwa Shehe Hamed bin Sulayyim, naye alikuwa na jahazi. Burton alikuwa mgonjwa, basi Speke akavuka ziwa mwezi Machi kwenda kulikodi.

Safari hiyo hukumbukwa zaidi kwa kisa cha mdudu aliyeingia katika sikio la Speke usiku na kumtesa kwa siku nyingi. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha liko jambo kubwa zaidi. Speke hakujua Kiswahili vya kutosha wala hakujua lugha za ziwani. Aliyemsemea alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi Uhindini, na wawili hao walielewana kwa Kihindustani cha kubabaisha. Basi habari ya ziwa iliyotoka kinywani mwa mvuvi au mfanyabiashara ilipitia Kiswahili, kisha Kihindustani, ndipo ikaandikwa kwa Kiingereza.

Jahazi halikupatikana, maana mwenyewe alikuwa na shughuli zake za pembe bara. Speke alirudi na jambo moja aliloliona kuwa kubwa: kwamba Shehe alikuwa ameona kaskazini mwa ziwa mto mkubwa unaotoka. Kama ndivyo, mto huo ungeweza kuwa mwanzo wa Nili. Mwezi Aprili wakaenda kaskazini kwa mitumbwi miwili ya kukodi, chini ya uongozi wa Kannena, mtawala wa Kawele, kwa malipo makubwa. Walipofika Uvira waliambiwa kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Hapo Bombay akaeleza kwamba, kwa kadiri alivyofikiri sasa, Shehe Hamed alikuwa amesema hivyo hivyo tangu mwanzo, na kwamba maneno yake ndiyo yaliyoeleweka kinyume.

Kosa hilo si dogo. Tofauti kati ya kuingia na kutoka ni tofauti ya kitenzi kimoja, na juu ya kitenzi hicho yalijengwa matumaini ya msafara mzima. Tena kisiwa cha Kasenge alikokaa Speke akiulizia habari za kaskazini hakiko mbali na Lukuga. Mlango wa kweli wa ziwa ulikuwa jirani yake, upande wa kusini, naye alielekeza maswali yake upande mwingine. Abiria aliuliza alilotaka kulisikia, na akapewa jibu la swali lake.

3.0 Mto usioafikiwa, 1871-1880

Mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta David Livingstone huko Ujiji, na wawili hao wakaenda kaskazini kwa mtumbwi kuuangalia tena mto Rusizi. Safari yao ya majuma manne hivi waliiita kwa utani pikiniki. Huenda hii ndiyo mara ya kwanza safari ya chomboni katika ziwa hili kupewa na mgeni jina la starehe. Waliwaona wanyama, wakala samaki, wakalala pwani, wakathibitisha kwamba Rusizi huingia. Swali likabaki: maji ya ziwa hutokea wapi?

Jibu lilianza kupatikana mwezi Mei 1874, Verney Lovett Cameron alipozunguka sehemu ya kusini kwa vyombo alivyopata Ujiji na kuingia katika Lukuga. Majani mazito yalimzuia asiendelee. Hata hivyo, mkuu wa mahali hapo alimweleza kwamba watu wake walikuwa wakifuata kingo za mto huo hadi unapoingia Lualaba. Cameron alimwamini na akaandika kwamba amepata mlango wa ziwa. Miaka miwili baadaye Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua yake, Lady Alice, akafika Lukuga na kusema kwamba maji hayatoki bado, ila yako karibu kutoka. Mwaka 1879 Edward Hore, baharia wa misheni ya London, aliyakuta maji yakitoka kwa nguvu, na Joseph Thomson akashuhudia hali hiyo hiyo.

Kwa muda mrefu habari hizi zilichukuliwa kuwa mabishano ya watu wenye wivu. Leo inafahamika kwamba kila mmoja aliweza kusema kweli kwa wakati wake. Mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na mimea, na maji ya ziwa yakawa yanapanda mwaka baada ya mwaka. Karibu na mwaka 1878 yalivunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ukashuka kwa kiasi cha mita 10. Abiria aliyepita siku moja aliona hali ya siku moja. Mkuu wa Lukuga, ambaye watu wake walifuata kingo za mto katika miaka ya maji mengi na ya maji machache, alikuwa na kumbukumbu ya hali zote mbili.

Jambo hili halijawa historia tupu kwa wakazi wa Kalemie. Maji ya ziwa yalipanda tena baada ya mwaka 2020, na mwaka 2024 yalifurika katika mitaa ya mji iliyo karibu na ufuo na kuwatoa watu majumbani mwao. Swali la Lukuga, yaani maji hutoka kiasi gani na kwa nini, kwao ni swali la nyumba na mali.

4.0 Konokono, nyoka na fuvu

Burton na Speke hawakurudi na mlango wa ziwa, lakini walirudi na konokono. Mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward alieleza aina nne za konokono na chaza kutoka katika msafara wao. Viumbe hawa walishangaza kwa sababu baadhi yao walifanana na wa baharini kuliko wa maji baridi. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani konyeza mdogo, kiumbe ambaye jamaa zake wengi huishi baharini, na mshangao ukazidi. J. E. S. Moore alikuja mara mbili, mwaka 1896 na tena mwaka 1899, akitetea wazo kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Kitabu chake cha 1903 kiliita jambo hilo tatizo la Tanganyika. Msafara wa W. A. Cunnington wa 1904-1905 ulitoa ushahidi uliolidhoofisha wazo hilo, na sasa limeachwa. Konokono hao walipata maumbile yao humo humo ziwani, katika muda wa mamilioni ya miaka.

Ukusanyaji wa viumbe haukutengana na utawala. Mwaka 1883 Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyetumwa na shirika la Mfalme Leopold II, alijenga kituo huko Mpala, kusini mwa Kalemie ya leo. Miongoni mwa viumbe aliopeleka Ubelgiji alikuwamo nyoka wa majini, jamii ya swila, anayeishi kati ya mawe ya mwambao na kula samaki. Mwaka 1886 Louis Dollo alimpa nyoka huyo jina la Storms, na hadi sasa anaitwa Naja annulata stormsi. Lakini katika mizigo ya ofisa huyo huyo lilikuwamo pia fuvu la Lusinga, mtawala wa Kitabwa, ambaye watu wa Storms walimshambulia na kumkata kichwa mwezi Desemba 1884. Fuvu hilo likahifadhiwa Brussels pamoja na mikusanyo ya elimu ya viumbe. Mkono uliompakia nyoka katika chupa ndio uliompakia binadamu katika sanduku. Historia ya kutazama viumbe vya ziwa haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu bila kulitaja jambo hili.

Baada ya hapo vyombo viliongezeka. Kituo cha Albertville kilianzishwa mwaka 1891, reli kutoka Kabalo ikafika mwaka 1915, na katika miezi iliyofuata ziwa likawa uwanja wa vita kati ya Waingereza na Wabelgiji kwa upande mmoja na Wajerumani kwa upande mwingine. Mwaka 1966 mji ulipewa jina la Kalemie. Kwa makala haya yatosha kusema kwamba meli ya injini ilimwondolea abiria haja ya makasia, lakini haikumwondolea haja ya mtu anayejua samaki wako wapi.

5.0 Kutoka chupa hadi miwani

Wataalamu wa kwanza walikuwa na shida moja kubwa: samaki akiisha kufa na kutiwa katika pombe kali hupoteza rangi zake. Ndiyo maana msafara wa Charles Lemaire wa 1898-1900 ulimchukua mchoraji, Léon Dardenne. Louis Stappers, daktari aliyeongoza uchunguzi wa Moero na Tanganyika mwaka 1911-1913, alikusanya samaki wengi, akiwamo mikebuka, kitoweo kinachojulikana sana Kalemie. Msafara wa Kibelgiji wa 1946-1947, ulioongozwa na Eugène Leloup, ulipima kina cha ziwa lote, na Max Poll akaandika juu ya samaki vitabu ambavyo bado ni msingi wa elimu hiyo.

Kazi hizo zote zilimtazama samaki baada ya kuvuliwa. Hatua mpya ilikuja pale mtazamaji mwenyewe alipoingia majini. Huko Uvira, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji na ambacho baadaye kikawa kituo cha taifa cha elimu ya maji, Georges Marlier alichunguza maisha ya mwambao katika miaka ya 1950. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto walishirikiana na wenzao wa Uvira katika kuwaangalia samaki mahali wanapoishi, chini ya maji, siku baada ya siku.

Yaliyoonekana kwa njia hiyo yasingeweza kuonekana katika chupa. Mwaka 1986 Tetsu Sato alieleza habari za samaki wa jamii ya gogogo anayetaga mayai yake pale wanapotaga samaki wanaoatamia mdomoni. Mama huyo huyaokota mayai ya mgeni pamoja na yake, na watoto wa mgeni huwala watoto wa mwenye mdomo humo humo. Mwaka 1993 Michio Hori alieleza habari za Perissodus microlepis, samaki anayekula magamba ya samaki wengine. Wengine kati yao wana mdomo uliopinda kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto. Wengine mdomo umepinda kushoto, nao hushambulia ubavu wa kulia. Upande mmoja ukizidi kwa wingi, mawindo hujihadhari zaidi upande huo, na wale walio wachache hupata nafuu. Hivyo idadi za pande mbili hupokezana bila mmoja kumwondoa mwenzake.

Yafaa kukumbuka kwamba kabla ya hapo, mwaka 1985, makala ya kitaalamu juu ya samaki huyo huyo yalitoka yakiwa na jina la Nshombo Muderhwa, mtafiti wa Uvira, likitangulia majina ya wenzake wawili wa Kijapani. Mwenyeji hakuwa tena mpiga makasia asiye na jina. Vita vilivyoanza mwaka 1996, ambavyo Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuvipata, vilivuruga ushirikiano huo, na sehemu kubwa ya uchunguzi wa chini ya maji ikaendelezwa upande wa Zambia.

6.0 Suala la majina

Orodha ya majina ya viumbe wa ziwa ni kama orodha ya abiria wa meli. Kuna samaki wa Burton, burtoni. Kuna jenasi ya konokono Spekia kwa ajili ya Speke, na nyingine Lavigeria kwa ajili ya Kardinali Lavigerie. Mchoraji Dardenne ana samaki wake, dardennii. Stappers ana mikebuka, Lates stappersii. Leloup ana leloupi na Marlier ana marlieri. Hata Pierre Brichard, aliyefanya biashara ya kusafirisha samaki hai wa mapambo kutoka Burundi, ana brichardi. Bombay hamo. Kannena hamo. Mkuu wa Lukuga aliyemwambia Cameron ukweli hamo.

Pembeni ya orodha hiyo iko nyingine ambayo haikuandikwa na wataalamu wa makumbusho. Kuhe ni samaki aliye miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii yake duniani; katika vitabu anaitwa Boulengerochromis kwa heshima ya G. A. Boulenger wa jumba la makumbusho la London. Mikebuka wa Kalemie huitwa migebuka Kigoma na mukeke Burundi. Ndakala, au dagaa, alikwisha sikiwa na Burton huko Ujiji, na jina hilo linaishi bado.

Majina haya ya wenyeji hayapaswi kudhaniwa kuwa ni tafsiri pungufu ya yale ya kitaalamu. Dagaa, mathalani, ni jina moja kwa samaki wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa, kwa sababu mvuvi huwapata pamoja usiku kwa taa na huwaanika pamoja ufukoni. Jina hufuata kazi. Aina mojawapo, Limnothrissa, ilipopelekwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 ilipata huko jina la sambaza, na ilipopelekwa Kariba katika miaka ya 1960 ikaitwa kapenta. Historia hiyo ya uhamisho imo katika majina yenyewe, na mtu aliyejifunza lile la Kilatini tu hawezi kuisoma.

7.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba abiria wa Ziwa Tanganyika walifaulu walipomsikiliza mwenyeji na kukosea walipomsikia nusu. Speke alipotoshwa na kitenzi kimoja. Cameron aliongozwa vyema na mkuu wa Lukuga. Uchunguzi wa Uvira ulizaa matunda yake makubwa pale mgeni na mwenyeji walipoingia majini pamoja.

Mabadiliko yako. Mwaka 2007 samaki mmoja wa pwani ya Tanzania aliitwa Neolamprologus chitamwebwai kwa heshima ya Deonatus Chitamwebwa wa taasisi ya utafiti wa uvuvi huko Kigoma. Mwaka 2003 nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza kwa pamoja. Hata hivyo, mradi wa kimataifa wa kuhifadhi viumbe wa ziwa ulipomalizika mwaka 2000, hifadhi zilizopakana na ziwa zilikuwa Rusizi, Gombe, Mahale na Nsumbu. Upande wa Kongo hapakuwa na hata moja.

Mwezi Desemba 2014 meli Mutambala ilizama ziwani ikiwa safarini kutoka Kalemie kwenda Uvira, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kwa watu wa pwani hii chombo hakijawahi kuwa pikiniki. Ni barabara, soko na, kwa wengine, kaburi. Ndiyo sababu ujuzi wao wa ziwa ni wa ndani kuliko wa mgeni wa siku moja. Wanaishi kwa kuujua. Ujuzi huo umo katika Kiswahili cha Kalemie na katika lugha jirani zake: majina ya pepo, ya mawe, ya nyavu na ya samaki. Kazi ya kuukusanya ni ya wataalamu wa lugha kama ilivyo ya wataalamu wa viumbe, nayo yapasa kuanzia kwa wavuvi wenyewe.